Uyoga wa Kichuguu Kilichovunjwa

Harufu ile ilinikuta mtaa wa Mwembesongo, nikiwa ndiyo kwanza nimefunga mlango wa gari langu. Nasema gari langu kwa makusudi, maana sikurithi wala sikupewa. Mwanamke mmoja alikuwa ametandika majani ya mgomba kando ya njia, na juu yake amepanga mafungu ya uyoga mbichi, ule mkubwa mweupe, bado una udongo mwekundu shingoni. Harufu yake ni ya ardhi iliyolowa, ya unga mbichi, na nyuma yake kuna kitu kama kuku aliyechinjwa sasa hivi na bado hajatiwa chumvi. Wateja walikuwa wameinama, wanabonyeza, wananusa, wanabishana bei. Mimi nilisimama.

Ninyi mnaonisoma mnifahamu kwanza. Nina diploma ya ugavi, niliisoma nikiwa mtu mzima, jioni, baada ya kazi. Nimekaa Mwanza miaka mingi, nikianza kwa kufagia ghala na kumaliza nikiwa ndiye ninayeshika funguo za maghala yote ya pale. Nimerudi nyumbani nikajenga Bigwa nyumba ya vigae ambayo wageni huelekezwa nayo: ukifika nyumba ya Sauda, kata kushoto. Sauda ndiye mimi. Wanaume wanaopandisha sauti kwenye simu nimewashusha wengi. Lakini mbele ya fungu lile la uyoga nilimwambia yule mama samahani, ingawa hakuniuliza kitu, nikarudi garini.

Utotoni tuliishi juu zaidi ya Bigwa, kule ambako mlima wa Uluguru unaanza kusimama wima na nyumba zinaonekana kama zimeshikilia mteremko kwa kucha. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tulibaki mama, mimi niliyekuwa darasa la pili, na mdogo wangu Hawa, aliyekuwa ameacha kunyonya lakini bado anashika titi akitaka kulala. Nyumba ilikuwa kwenye ardhi ya upande wa baba. Kwetu Waluguru watoto ni wa ukoo wa mama na ardhi hufuata huko huko, kwa hiyo mama pale alikuwa mgeni ambaye mwenyeji wake amekufa. Hatukufukuzwa. Tulivumiliwa tu, na mtoto hulijua hilo kwa namna watu wanavyonyamaza akipita.

Jirani yetu wa karibu alikuwa shangazi Tatu, dada yake baba. Alikuwa na mwili mkubwa, sauti kubwa, na ulimi ambao mama alisema ungeweza kumenya ndizi. Alitupenda mimi na Hawa kwa sababu tulikuwa na sura ya kaka yake. Mama hakumpenda, na sababu ilijulikana. Mwanamume mmoja mwenye majaruba ya mpunga Dakawa alikuwa ametuma watu kumposa mama. Mama hakuwa amejibu ndiyo wala hapana. Kwa shangazi, hilo peke yake lilitosha.

“Wifi,” alikuwa akiita kutoka uani kwake, “leo hujaota wali?”

“Nimeota magimbi, wifi,” mama alijibu bila kuinua kichwa. “Ndiyo ninayoyamenya.”

Mvua za vuli zilipoanza, chakula kilikuwa kimeisha. Mihogo ilikuwa michanga, maharage ndiyo kwanza yanachungulia. Kilichokuwa kinakuja bila kulimwa ni uyoga, na mama aliujua kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake, kwa tabia. Kulikuwa na ule mdogo wa rangi ya kiini cha yai, unaoota chini ya miti ya mwituni kule chini kwenye ardhi kavu zaidi, wenye harufu tamu kama tunda. Kulikuwa na ule unaoota kwenye magogo yaliyooza, mwembamba kama sikio la mbuzi, ambao ukiutafuna unalia menoni. Na kulikuwa na mfalme wao, uyoga wa kichuguu, ambao kofia yake moja iliweza kumkinga mtoto na manyunyu. Huo una mzizi. Ukiung’oa taratibu, unavuta, unavuta, na mzizi unakuja mrefu na mwembamba kama mkia wa panya, kwa sababu umetoka chini kabisa walikolala mchwa.

Kulikuwa pia na uyoga usioliwa. Shangazi alikuwa na dawa yake ya kuutambua: kuchemsha na kitunguu, kitunguu kikibadilika rangi, mwaga. Wengine walisema ukiona konokono kauonja, nawe onja. Mama alicheka. Alisema konokono ana tumbo lake na kitunguu hakina akili. Yeye aliamini vitu viwili, mahali na mdomo wake mwenyewe.

Mahali ni kwamba kila familia ilikuwa na kichuguu chake, na uyoga ulirudi pale pale kila mwaka. Hukumwambia mtu siku ulipochomoza. Uliamka kabla ya wengine ukaenda. Kuhusu mdomo, ilikuwa hivi. Katika nyumba yetu uyoga haukuliwa na wote kwa pamoja. Aliyepika alikula kwanza, peke yake, na wengine wakimtazama. Mama alijipakulia kijiko kimoja, akakila chote, akaegemea nguzo ya baraza na kunyoosha miguu. Kisha tulisubiri. Kivuli cha paa kilikuwa kinatambaa uani polepole, na mpaka kifike kwenye kinu hakuna aliyeruhusiwa kugusa sufuria.

Sisi watoto tulikuwa tunauchukia ule muda kuliko homa. Harufu imejaa nyumba, mate yamejaa mdomo, na mama ameketi kama bibi harusi. Hawa alikuwa akimkaribia na kumpapasa tumbo.

“Bado?”

“Bado.”

“Linauma?”

“Haliumi. Ngoja.”

Nilidhani ni adabu tu, kama vile baba alivyokuwa akinawa kwanza. Nilidhani hata kwamba mama ana uchoyo kidogo, anataka kula kilicho cha moto.

Nimesoma vitabu baadaye, na nimejifunza kwamba desturi ile haikuwa kinga kamili. Kuna uyoga unaoua kwa hila, unaokaa tumboni kimya mpaka siku ya pili, mlaji amelala, ameamka, amesahau. Lakini kwa ule unaoshambulia haraka, desturi ya mama ilifaa, na ilitulinda miaka yote mpaka mwaka ule.

Mwaka ule mambo mawili yalikutana. La kwanza, wakati wa kiangazi ndugu zake baba walikivunja kichuguu. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali, unashikana, haupasuki motoni. Walikikata kichuguu chetu mpaka kikawa sawa na ardhi, wakafyatua tofali, na pale palipobaki wazi shangazi akawa anamwaga samadi ya mbuzi. Mama alitazama tu. Ardhi haikuwa yake. La pili, Ramadhani iliangukia tena kwenye mvua, na safari hii hatukuwa na akiba ya chakula.

Ramadhani zilizotangulia mama alipika uyoga kwa ajili ya futari tu. Adhana ikilia, anakula tende au kipande cha muhogo, anaonja uyoga, nasi tunasubiri gizani kidogo. Mwaka ule na mimi nilikuwa nafunga. Watoto wa rika langu walifunga nusu siku, wakafungua adhuhuri na kutembea wakitangaza. Mimi nilitangaza nitafunga kutwa. Siku ile ninayoisimulia ndiyo ilikuwa ya kwanza, na tangu alfajiri nilikuwa najitazama kama mtu aliyepanda cheo. Ndiyo, hata wakati ule nilikuwa hivyo. Kupenda kufika mwisho wa jambo sikufundishwa na mtu.

Asubuhi mama alirudi kutoka kule nyuma ya nyumba akiwa na ungo umejaa. Uyoga mweupe, mkubwa, umechomoza pale pale kichuguu kilipokuwa. Uso wake ulikuwa umefunguka, na sikuwa nimeuona hivyo tangu tumzike baba.

“Wamerudi,” alisema. “Wamevunjiwa nyumba na bado wamerudi.”

Niliinua mmoja nikaugeuza. Shina lilikuwa limekatika chini kabisa, halina mkia.

“Mama, mzizi uko wapi?”

“Udongo umechimbwa, mwanangu. Mizizi imekatika pamoja na kichuguu.”

Maneno yale yalikuwa na mantiki. Mpaka leo nikiyapima nayaona yana mantiki.

Hawa alikuwa hajala tangu jana yake jioni, na jana yake alikula gimbi moja bila mboga. Alilia asubuhi yote. Si kilio cha kudeka, ni kile kidogo chembamba kisichokoma, cha mtoto ambaye amesahau kwa nini alianza. Mama alizunguka uani. Aliingia jikoni, akatoka. Alitazama jua. Niliona midomo yake ikihesabu saa zilizobaki mpaka magharibi, na niliona alivyoachana na hesabu ile. Akachochea moto.

Alipika kwa chumvi na kitunguu alichoomba kwa shangazi. Alichovya ncha ya ulimi kupima chumvi, akatema, kama aliyefunga anavyoruhusiwa. Kisha akampakulia Hawa. Hakuegemea nguzo. Kivuli hakikusubiriwa. Hawa alikula kwa mikono yote miwili, akalamba sahani, akajifuta tumboni, akaniambia, “Wewe huna.” Nikamwambia mimi nimefunga kutwa na yeye ni mtoto. Mama akacheka. Kwa muda kidogo tulikuwa watu wenye furaha.

Adhuhuri ilipopita Hawa alikaa chini ghafla katikati ya uani, kama mtu aliyesukumwa. Akatapika. Mara ya kwanza mama alimfuta mdomo na kumwambia pole. Mara ya pili akamwinua. Kisha kilichofuata hakikuwa na mpangilio. Kilitoka juu na chini, na mtoto akawa anajikunja na kujikunjua kama kitambaa kinachokamuliwa. Mama alimpa maji, yakarudi. Akampa tena, yakarudi. Macho ya Hawa yaliingia ndani. Ngozi ya tumbo lake, mama alipoivuta kwa vidole, ilibaki imesimama vile vile.

Sikuwahi kumwona mama akikimbia ndani ya nyumba. Alikimbia. Alichukua sufuria yenye uyoga uliobaki, akaifunika na kuifunga kwa kitambaa, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba hospitali huuliza mtoto kala nini. Akatia uyoga mbichi mmoja kwenye ncha ya kanga, akafunga fundo. Akamfunga Hawa mgongoni. Shangazi Tatu alitoka kwake akiwa na jembe mkononi.

“Kuna nini?”

“Uyoga.”

Shangazi alilitupa jembe. Hakuuliza tena, alivaa kandambili zake na kutangulia njiani, nami nikafuata na sufuria kichwani.

Njia ya kushuka inateleza hata siku ya jua. Siku ile udongo ulikuwa kama sabuni. Kijito tulichokuwa tukikivuka kwa kuruka jiwe kilikuwa kimefura, cha rangi ya chai ya maziwa, kinaburuta matawi. Shangazi aliingia kwanza, maji yakamfika mapajani, akageuka na kunyoosha mikono yote miwili.

“Lete mtoto!”

“Nitavuka naye.”

“Lete, wewe mwanamke! Mimi mzito, hakiniondoi hiki!”

Mama akamfungua Hawa na kumpa. Naikumbuka picha ile: wanawake wawili ambao hawakuwa wakisalimiana vizuri, wamesimama katikati ya maji, mtoto juu ya vichwa vyao. Mimi nilivuka nikishikwa mkono na mama, sufuria imekumbatiwa kifuani. Kiu ilikuwa imenishika koo. Maji yalikuwa yananipiga kiunoni na sikunywa hata tone. Nilisubiri mama alione hilo aniambie hongera. Hakuona kitu.

Tulipofika barabara ya chini, kijana mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kuelekea sokoni. Alimtazama Hawa mara moja. Alikata kamba, mikungu ikaanguka kandokando ya barabara, akasema, “Mama, panda.” Mama akapanda na mtoto mapajani. Sisi tulikimbia nyuma. Shangazi alikuwa anahema na kuongea kwa pamoja. Mwanzoni alikuwa anamwomba Mungu. Kadiri tulivyokaribia mjini, maombi yakawa yanageuka kuwa maswali, na maswali hayakuwa kwa Mungu.

Hospitali ilikuwa na baraza refu lenye mabenchi. Tulimkuta mama mbele ya nesi, mwanamke mwembamba mwenye kalamu nyuma ya sikio.

“Kala nini?”

Mama akafungua fundo la kanga. Nikausogelea kuutazama. Ule uyoga mama aliouchuma asubuhi ukiwa mweupe ulikuwa umegeuka. Chini ya kofia, kwenye zile kunjo nyembamba, ulikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, kama majani yaliyokauka, na kanga imeshika vumbi la rangi hiyo hiyo.

“Huu wa kwenye samadi,” nesi alisema. “Mwingine nani kala?”

Mama alikuwa anaitazama ile kanga. “Hakuna,” alisema.

“Hakuna?”

“Mimi nimefunga. Na huyu mkubwa kafunga.”

Nesi alimchukua Hawa mikononi. Kichwa cha mdogo wangu kilining’inia nyuma kama ua lililovunjika shina. Wakaingia naye nyuma ya pazia la kijani, daktari naye akaingia, na mama alipotaka kufuata aliambiwa angoje nje. Akaketi kwenye benchi. Mimi nikasimama mlangoni, sufuria nimeiweka chini karibu na miguu yake.

Hapo ndipo shangazi Tatu aliposema. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

“Wifi, nakuuliza tu. Mtoto kala. Wewe hukula.”

“Nimefunga, wifi.”

“Hata mimi nimefunga. Ila mimi sijapika.”

“Tatu.”

“Nyumba nzima inajua wewe ndiye unayeonja. Kaka yangu alikuwa ananichekesha kwa hilo, anasema mke wangu anakula kama chifu. Leo hukuonja. Leo, ya leo, hukuonja! Na mtu wa Dakawa anataka mke asiye na mtoto wa kubeba.”

Watu kwenye mabenchi waligeuka. Mzee mmoja akasema, “Acheni jamani, mwezi mtukufu huu.” Mama alikuwa anatazama pazia. Nyuma ya pazia kulikuwa na sauti za vyuma, na sauti ya daktari akisema jaribu huku, jaribu mguu, na juu ya hizo sauti zote kilio chembamba cha Hawa, kile kile cha asubuhi.

Kisha kilio kikakoma.

Hakikupungua. Kilikoma. Tulisubiri kirudi. Uso wa mama niliuona ukiondoka, sijui niseme vipi, ukabaki pale lakini yeye hayupo. Akainama, akafungua kile kitambaa, akaondoa kifuniko cha sufuria. Akachota kwa mkono. Akala. Akachota tena. Alikula haraka, bila kutafuna vizuri, mchuzi ukimtiririka kwenye kiwiko, kama mtu anayeogopa kunyang’anywa.

Nje, juu ya miti, jua lilikuwa bado lipo.

“Mama!” nilipiga kelele. “Mama, bado magharibi! Unafungua! Bado magharibi!”

Ndiyo niliyoyasema. Mbele ya yote hayo, mtoto wa darasa la pili aliona jambo moja tu baya, kwamba mama anaharibu funga yake na adhana bado.

Shangazi ndiye aliyeelewa kabla ya wote. Aliruka, akaipiga sufuria teke, uyoga ukamwagika sakafuni. Akamshika mama taya kwa vidole vyake vikubwa. “Tema! Tema, mwehu wewe! Nilisema tu! Nilikuwa nasema tu, wifi yangu, tema!” Alikuwa analia. Akamtia vidole kooni, mama akamng’ata, na bado hakumwachia. Wakaanguka pamoja chini ya benchi.

Pazia likafunguka. Nesi akatoka akijifuta jasho kwa mkono wa gauni.

“Mshipa tumeupata,” alisema. “Dripu inaingia. Katulia.” Kisha akatazama chini. “Na huyu kafanya nini?”

Yaliyofuata nayasema kwa ufupi, kwa sababu mengi niliyaona kwa mafungu. Mama aliumwa vibaya. Shangazi alimshikia beseni, akamfuta, akamtukana, akamwomba radhi, akamtukana tena. Adhana ya magharibi ililia wakati hakuna mtu aliyekuwa na nafasi ya kuisikia. Mzee yule wa kwenye benchi aliniletea uji kwenye kikombe cha bati, akasema, “Fungua, mjukuu wangu. Umefunga vizuri.” Nilikunywa nimesimama. Ndiye mtu pekee aliyeniambia hivyo siku ile.

Hawa alipona. Mama alipona baada yake. Kwa siku kadhaa walilala kitanda kimoja, kila mmoja na chupa yake ikining’inia. Mtu wa Dakawa alipelekewa jibu, na jibu lilikuwa hapana. Shangazi hakuwahi kusema samahani mbele za watu, lakini kuanzia mwaka ule hakuna Ramadhani ambayo hakutuletea bakuli la maharage ya nazi kabla hajala yeye. Hawa leo anafundisha watoto wa chekechea, hakumbuki chochote, na hula uyoga kila unapopatikana. Tukikaa kimya ukitajwa, hutucheka. “Mimi ndiye niliyekula,” husema, “na ninyi ndio mnaoumwa.”

Mimi niliondoka mapema. Niliwaambia watu wote, na nimeendelea kuwaambia mpaka hivi karibuni, kwamba nimejilea mwenyewe. Nilisema hivyo kwenye sherehe ya diploma, nikiwa na kipaza sauti mkononi, na mama ameketi mstari wa mbele. Watu walipiga makofi. Yeye naye alipiga.

Nilipomhamishia kwenye nyumba ya Bigwa ndipo nilipogundua jambo. Kila mwaka, mvua za kwanza za vuli zikinyesha, mama hufunga siku moja. Haiwi Ramadhani, haiwi Jumatatu wala Alhamisi ya sunna, ni siku yoyote tu anayoichagua. Mwaka wa kwanza nilidhani ni dua. Mwaka wa pili nilimuuliza, akasema analipa funga.

“Ya lini?”

“Ya uyoga.”

Mnajua nilivyo. Nikakaa mkao wa mtu mwenye elimu, nikamfafanulia. Nikamwambia siku moja iliyovunjwa hulipwa kwa siku moja, na ikishalipwa imelipwa, hata mwalimu wa madrasa alitufundisha. Nikamwambia umeshalipa mara nyingi mno, mama, unajitesa bure, umri umeenda, na daktari wako ameshasema kuhusu presha. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliniacha nikamaliza.

“Ile ya Mungu nililipa mwaka ule ule,” alisema. “Hii si ya Mungu.”

“Ya nani sasa?”

Akaokota kijiwe, akakitupa. “Ulikuwa umesimama pale mlangoni, umefunga kutwa. Mtoto mzima, mwenye afya. Na mimi nikala.” Akaendelea kuchambua. “Sikukuona, Sauda. Nilijua nina mtoto mmoja tu, na amekufa.”

Niliinuka nikaenda kusimama dirishani, kwenye dirisha langu la alumini, nikautazama mlima.

Miaka yote niliamini siku ile ilikuwa ya Hawa. Ndiye aliyekula, ndiye aliyebebwa, ndiye aliyelalia mkono wa mama. Mimi nilikuwa mbeba sufuria. Nilikuwa nimekasirika bila kujua, na hasira ile ndiyo iliyonifikisha Mwanza na ndiyo iliyonipa diploma, kwa hiyo siitukani. Lakini sikujua kwamba mama naye aliijua. Yeye aliniacha kwa muda wa viganja viwili vya uyoga, akarudi akanikuta bado nimesimama, na tangu hapo kila mwaka anakaa na njaa kutwa nzima kwa ajili ya mtoto ambaye hakumwona.

Mwaka huu alifunga Jumanne. Sikwenda kazini. Niliketi naye barazani tangu asubuhi mpaka jua lilipozama, tukiongea mambo ya bei za mchele na ya watoto wa Hawa, na mara kwa mara alikuwa akigeuka na kunitazama.